Kuanguka kwa Wazee Majumbani, na Njia za Kukuzuia

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya afya ya wazee, akaniachia nichague mwenyewe sehemu ya habari hiyo. Yamkini wengi wenu mlitazamia kwamba nitasema juu ya kisukari, au shinikizo la damu, au maradhi ya moyo. Hayo yana wasemaji wengi. Mimi nimechagua jambo ambalo halina msemaji, kwa sababu watu hawalihesabu kuwa ni ugonjwa: nalo ni mzee kuanguka ndani ya nyumba yake mwenyewe, au uani, au katika njia ya kwendea chooni.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilikadiria kuwa watu 684,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya vifo 80 katika kila 100 hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, nayo Kenya imo katika hizo. Hakuna rika linalopoteza watu wengi kwa njia hiyo kama rika la waliopita miaka 60. Shirika hilo hilo lilieleza mwaka 2007 kuwa, katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kati ya 28 na 35 huanguka kila mwaka. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa katika nchi yetu wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7. Basi tazameni safu za viti zilizo mbele katika ukumbi huu, walipoketi wazee wetu, mkahesabu wenyewe.

Neno la kwanza ninalotaka mlishike ni hili: kuanguka kuna sababu. Tumezoea kusema, "Ni uzee tu," na tukisha kusema hivyo tumefunga mlango wa kufikiri. Mzee haanguki kwa kuwa ametimiza miaka 75. Huanguka kwa kuwa miguu imepungua nguvu, au jicho limeingia ukungu, au dawa imemtia kizunguzungu, au taa haikuwako, au mkeka umekunjika upindo. Na aghalabu sababu hizi haziji moja moja, bali hukutana mbili au tatu mahali pamoja. Mzee mwenye miguu dhaifu huweza kupita salama mchana. Lakini mzee huyo huyo akiamka saa nane za usiku, akiwa na usingizi wa dawa, akaikuta njia ina utelezi wa mvua, ataponea wapi? Ukiondoa hata sababu moja katika hizo, pengine umemwokoa.

Kwanza tuutazame mwili. Mtu mzima akiondoka kitandani kwa ghafula, damu huchelewa kupanda kichwani, naye huona giza na kizunguzungu. Hali hii huwapata zaidi wanaotumia dawa za shinikizo la damu, na wale wasiokunywa maji ya kutosha. Tiba yake haina bei. Na aketi ukingoni mwa kitanda, ahesabu polepole hadi 30, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame akishika kitu kilicho imara. Wala asipige hatua mpaka kichwa kimetulia. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Jambo la pili ni dawa zenyewe. Vidonge vya kuleta usingizi, vya kutuliza moyo wenye wasiwasi, na hata baadhi ya vile vya mafua na mwasho ambavyo watu hununua dukani bila kumwuliza daktari, huweza kumlegeza mzee mpaka siku ya pili. Na kadiri dawa zinavyokuwa nyingi, ndivyo hatari inavyozidi. Sisemi mzee aache dawa zake. Hilo lingekuwa kumtupa katika hatari nyingine. Nasema azitie zote katika mfuko mmoja, za hospitali na za dukani, na za mitishamba pia, azipeleke kwa daktari au mwuguzi, amwambie, "Hizi ndizo ninazotumia, ipi nipunguze?" Nayo pombe hulegeza miguu ya kijana, sembuse ya babu yake.

Tatu ni macho. Mtoto wa jicho ni maradhi yanayotibika kwa upasuaji, lakini wako wazee wanaoyavumilia miaka mingi wakidhani kwamba kutoona ni sehemu ya uzee. Katika jaribio moja lililofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2005, wanawake waliopita miaka 70 waliofanyiwa upasuaji wa jicho upesi walianguka mara chache zaidi, kwa theluthi moja hivi, kuliko wenzao waliowekwa wangoje zamu. Basi anayempeleka mama yake kwa daktari wa macho anamtunza na nyonga pia. Nne ni nyayo. Kisukari huua hisia za miguu, mtu asijue anakanyaga wapi. Kucha ndefu na sugu humfanya apepesuke. Na kandambili iliyokwisha soli, ambayo kila nyumba inayo, ni kiatu cha kumwangusha mtu. Kiatu chema ni kile kinachoshika kisigino, chenye soli nyembamba isiyoteleza.

Sasa tuitazame nyumba. Nawaomba mwende nami kwa fikira kutoka kitandani hadi chooni, maana njia hiyo mzee huipita kila usiku, naye huipita gizani. Je, kitanda ni cha kimo chake, hata akiketi nyayo zote mbili zikakaa chini sawasawa? Tochi au taa iko karibu na mkono wake, au iko upande wa pili wa chumba? Shuka au kanzu yake yaburuta? Sakafuni pana mkeka uliopinda ncha, kigoda, ndoo, au waya? Mlangoni pana kizingiti kirefu? Nje je, pana jiwe lililong'oka, mfereji, kamba ya mbuzi? Na huko chooni, mtu mwenye magoti mabovu akisha kuchuchumaa atashika nini ili ainuke?

Kila swali katika hayo lina jibu ambalo fundi wa kijijini aliweza. Mkeka uliopinda huondolewa au hupigiliwa. Kizingiti hupunguzwa, au hupakwa chokaa ili kionekane. Kadhalika ncha za ngazi. Njia ya chooni hufukiwa mashimo, hutiwa changarawe, na pembeni huchimbiwa nguzo zenye fito ya kushika. Chooni hutiwa gongo imara ukutani, na juu ya tundu huwekwa kiti cha mbao kilichotobolewa katikati. Mahali pa kuogea na pa kutawadhia huparuzwa simenti, ili maji na sabuni visiigeuze sakafu kuwa mtelezo. Na kopo la usiku chini ya kitanda si aibu. Aibu ni kumtoa mzee nje katika mvua saa tisa za usiku. Vitu vya kila siku, sufuria, unga, chumvi, vikae kati ya kiuno na bega, ili bibi asipande juu ya kigoda kuvitafuta. Nao wazee wanaume, nawasihi, mwachieni mjukuu kazi ya kupanda darini kuziba bati na kupanda mwembe kuchuma maembe.

Hapa nina neno kwa wanachama wanaofanya kazi mijini na kuwajengea wazazi wao nyumba mpya. Ni jambo la sifa. Lakini twaona nyumba hizo zikitandazwa vigae vinavyong'aa kama kioo, na ngazi mbele ya mlango zisizo na pa kushika. Zawadi hiyo hupendeza machoni, lakini miguu ya mzee haipati pa kukamata, na tone moja la maji hutosha. Kabla ya kununua vigae, muulize fundi vile vyenye mkwaruzo. Na fedha inayobaki ikanunue gongo la kushika.

Kwamba kazi hii ya kusafisha na kutengeneza nyumba yafaa kitu, si maneno yangu tu. Uchunguzi uliokusanya pamoja matokeo ya majaribio mengi, uliotangazwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa kuondoa hatari za nyumbani hupunguza maanguko kwa 26 katika kila 100; na kwa wale walio katika hatari kubwa, kama vile walioanguka mwaka uliotangulia, kwa 38 katika kila 100.

Walakini, mabwana na mabibi, hata nyumba ikitengenezwa vipi, haitamsimamisha mtu ambaye miguu yake imekufa nguvu. Na hapo ndipo upendo wetu unapokosea njia. Mzee akianguka mara moja, watoto humwambia, "Baba, sasa keti. Usiende shamba, usichote maji, usishike jembe. Sisi tupo." Naye huketi. Mwezi wa kwanza miguu hupungua, mwezi wa pili huzidi kupungua, na mwezi wa tatu akiinuka kwenda uani huanguka vibaya kuliko mara ya kwanza. Kumketisha mzee mchana kutwa si kumlinda. Misuli isiyotumika hunyauka kama mmea usiotiliwa maji.

Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio 108 kutoka nchi 25, yaliyowahusu watu zaidi ya 23,000 wenye umri wa miaka 60 na zaidi wanaokaa majumbani mwao. Waliona kuwa mazoezi hupunguza maanguko kwa 23 katika kila 100, na yaliyothibitika zaidi ni yale ya kujisawazisha na ya kuipa miguu nguvu kwa mienendo ya kila siku. Kutembea ni kwema kwa moyo, lakini peke yake hakutoshi. Shirika la Afya Duniani lashauri wazee wafanye mazoezi ya namna hii siku tatu au zaidi katika juma.

Mazoezi yenyewe ni haya, wala hayahitaji kiwanja. La kwanza: keti katika kiti imara kilichoegemezwa ukutani, usimame bila kujisukuma kwa mikono, ukiweza, kisha uketi taratibu, anza mara tano, uongeze mpaka kumi. La pili: shika mgongo wa kiti, uinuke kwa ncha za vidole vya miguu, kisha ushuke polepole. La tatu: hali umeshika vivyo hivyo, simama kwa mguu mmoja muda wa kuhesabu kumi, kisha mguu wa pili. La nne: tembea kando ya ukuta ukiweka kisigino mbele ya vidole, kama apitaye juu ya gogo. Mwenye kizunguzungu au maumivu ya kifua amwulize daktari kwanza, na aliye dhaifu awe na mtu karibu yake.

Wako wengine wanaohitaji mkongojo nao wanaukataa, kwa kuogopa kuitwa vikongwe. Hili lanishangaza. Kwetu fimbo haijawa alama ya unyonge. Mzee aliyeinuka kusema barazani aliinuka na fimbo yake, na vijana wakanyamaza. Basi na aichukue kwa heshima ile ile. Kimo chake kifike kwenye kiwiko cha mkono? La, kifike kwenye kifundo cha mkono, mtu akisimama wima na viatu vyake, mikono ikining'inia. Chini itiwe mpira, nao ubadilishwe ukichakaa. Na ishikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu mbovu, si upande ule ule kama wengi wafanyavyo.

Nimesema habari ya mwili na ya nyumba. Limebaki jambo lililo gumu kuliko hayo, nalo ni kimya. Wazee wetu, nasema nanyi kwa adabu: wengi wenu mwaanguka, mkajikung'uta vumbi, mkanyamaza. Mwajua kuwa mkisema, mwana atakuja na gari awahamishe kwenda mjini. Au mtanyang'anywa ufunguo wa ghala. Au shauri la shamba litakatwa bila ninyi kuulizwa. Hofu hiyo si upuuzi, maana hutokea. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Aliyeanguka mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena, na lile anguko la kwanza, lisiloacha ila mchubuko, ndilo jumbe lililokuja mapema. Husemwa kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ni kweli, kwa yule anayetazama nyuma ili aone alijikwaa juu ya nini.

Nanyi watoto, msiugeuze unyofu wa mzazi kuwa hukumu yake. Akikwambia, "Jana nilianguka," swali lako la kwanza lisiwe, "Ulikuwa unafuata nini huko?" Uliza, "Ulianguka wapi, saa ngapi, na kabla ya hapo ulijisikiaje?" Maswali hayo matatu yatakuonyesha sababu, na sababu itakuonyesha kazi. Lakini mzee akiona kuwa kila alisemalo hupunguza uhuru wake, hatasema tena, nawe utaisikia habari hospitalini.

Na ikiwa mzee ameanguka, msimkimbilie kumvuta mikono. Mwacheni apumue, mwulizeni anaumia wapi. Akiwa na maumivu makali ya kinena au ya nyonga, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda mfupa umevunjika: asisimamishwe, wala asikandwe kwa mafuta, bali afunikwe nguo na kupelekwa hospitali akiwa amelazwa. Mifupa ya akina mama hupungua uzito upesi baada ya ukomo wa uzazi, hata anguko dogo huivunja. Aliyegonga kichwa naye aonwe na daktari, hasa kama hutumia dawa za kuzuia damu isigande. Na kwa majuma kadhaa baadaye, akianza kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa au kusinzia ovyo, arudishwe hospitali mara moja, kwa kuwa damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Asiye na jeraha ajifunze kuinuka mwenyewe: ajiviringishe ubavu, apige magoti na mikono, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke mguu wenye nguvu mbele, ndipo ajisukume juu. Anayekaa peke yake awe na simu shingoni au mfukoni, au filimbi, na jirani wa kumchungulia kila asubuhi. Maana kulala sakafuni saa nyingi huleta madhara mengine kupita yale ya anguko lenyewe.

Sasa nakuja kwenye Chama chetu. Vyama vya maslahi kama hiki vina sifa njema: mtu akifiwa, watu huchanga, mtu akilazwa, watu huchanga. Nasi tusiiache desturi hiyo. Lakini naomba tujiulize: mbona twakuwa wepesi wa kununua jeneza, na wazito wa kununua gongo la mlangoni? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mbao mbili, misumari, na nusu siku ya fundi ni gharama ya mwanachama mmoja. Mfupa wa nyonga ukivunjika ni gharama ya ukoo mzima, na mara nyingi mzee harudi kutembea kama alivyotembea.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano mashauri manne. Kwanza, Halmashauri ichague watu watatu katika kila tawi, na mmoja awe fundi na mmoja awe mama mtu mzima, watembelee wazee wanaokaa peke yao au wawili wawili. Na wapige hodi kama wageni, si kama wakaguzi. Wasiondoe hata mkeka ila kwa idhini ya mwenye nyumba. Pili, itengwe sehemu ndogo ya mfuko wa Chama kwa kazi za gongo, taa na njia za chooni. Tatu, kila mkutano wa tawi uanze kwa dakika kumi za mazoezi niliyoyataja, wazee na vijana pamoja. Nne, katika mikutano hiyo liulizwe swali moja, bila kutaja aibu: "Nani ameanguka tangu tulipoonana?" Na wa kwanza kujibu awe mmoja wetu sisi viongozi, ili wengine wasione haya.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema kuwa wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo na msaada ufaao kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Zahanati na madaktari ni sehemu ya Serikali, nasi tuidai. Lakini kizingiti cha nyumba ya mama yako hakuna waziri atakayekuja kukipunguza. Hiyo ni sehemu ya jamaa, na Chama hiki ni jamaa.

Wazee wetu, hatuwatakii kuketi salama tu. Twataka mwendelee kwenda shambani, sokoni, msikitini na kanisani kwa miguu yenu wenyewe, mtuamulie mashauri yetu, na mwakani mje tena kuketi katika viti hivi vya mbele.